Mashimo Kumi ya Kuvulia Samaki Mvua Zikinyesha: Handeni na Korogwe Ulingoni

Tuelewane mapema. Orodha hii ni ya haki, haijanunuliwa na mtu, na ikikukera ujue imefanya kazi yake. Wamarekani wana mchezo wao: majira yakibadilika wanafunga boti nyuma ya gari na kwenda kuvua kwenye migodi ya zamani iliyojaa maji. Wanaita mapumziko. Sisi tuna mashimo, tuna mvua, tuna samaki, na Jumamosi mchana tuna vijana wa kutosha waliokaa kijiweni bila ratiba. Kilichokosekana ni mtu wa kupanga nafasi. Nimejitolea, asante sitaki.

Wanaogombea ni majirani wawili. Handeni ina mashimo ya kila aina, ila maji yake ni ya kuombea dua. Korogwe ina maji mpaka ya kugawa, na hilo halisemwi kwa utani: tangu miaka ya 1970 kuna bomba kubwa la HTM linalovuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni. Kwa hiyo kila Mhandeni akinywa chai, Mkorogwe anajiona amechangia. Chuki ndogo ndogo za kijirani zilianza hapo, na mimi nimekuja kuzichochea.

Vigezo ni vinne. Je, maji yapo? Je, samaki yupo? Je, utarudi nyumbani ukiwa mzima? Na je, ukirudi, kitoweo kinaingia sufuriani au unarudi na hadithi tu? Tunahesabu kuanzia mkiani. Anayetaka kubisha aanze kunoa ulimi.

10. Migodi ya makaa ya Kansas, Marekani

Hawa ndio walioleta kiherehere chote, basi wapewe kiti cha mwisho kwa heshima. Kusini-mashariki mwa jimbo la Kansas, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakifukua ardhi ya juu, wanachukua makaa, wanasogea mbele. Nyuma yao ikabaki mitaro mirefu iliyojaa maji, na leo mamia ya mabwawa hayo membamba ni eneo la umma la kuwindia na kuvulia. Mashine mojawapo iliyofanya kazi hiyo, Big Brutus, bado imesimama pale West Mineral: urefu wa mita 49 hivi, uzito wa takriban tani 5,000. Ilichimba kuanzia 1963 hadi 1974 ikastaafu. Sasa watu wanalipa kiingilio kwenda kuitazama ikiwa haifanyi kitu, kazi ambayo mitaani kwetu kuna wajomba wanaifanya bure.

Anayetafutwa pale ni besi, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kupita mahitaji. Maji yakianza kupata joto baada ya baridi kali, dume anatengeneza kiota na kukilinda kwa hasira, anang'ata chochote kinachopita, hata mdudu wa plastiki. Mvuvi anamvuta, anampima, anampiga picha, anambusu, halafu anamrudisha majini. Hapo ndipo tulipoachana. Jaribu kumrudisha samaki majini Kabuku mbele ya mama mkwe uone kama kikao hakitaitishwa.

Hukumu: mashimo mazuri, samaki mzuri, mila mbaya. Nauli pia hairuhusu.

9. Ziwa Naivasha, Kenya

Najua, hili ni ziwa na si shimo. Tulia. Liko hapa kwa sababu ya wewe uliyeanza kusema Afrika Mashariki haina besi. Yupo. Mwaka 1929 alitolewa Marekani akamwagwa Naivasha ili waungwana wa kikoloni wapate mchezo wa wikendi. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa maji baridi, nao ni wa Marekani, na besi akawapokea kwa kuwala. Ziwa la Kenya, mlaji Mmarekani, mliwa Mmarekani. Wenyeji walikuwa watazamaji.

Mwenyeji halisi alikuwa samaki mmoja mdogo sana, ambaye hakuombwa ushauri. Mara ya mwisho kuonekana ziwani humo ilikuwa 1962. Kwa hiyo nakuona, kijana uliyetoka kutazama video za uvuvi wa Marekani ukaanza kuuliza vifaranga vya besi vinapatikana wapi ili uweke kwenye bwawa la kijijini kwenu. Weka simu chini.

Hukumu: samaki mtamu mwenye rekodi chafu. Kwetu asije hata kwa mwaliko wa harusi.

8. Mashimo ya dhahabu, Handeni

Sasa tumefika nyumbani, na tunaanza kwa aibu. Handeni ina dhahabu. Kilima cha Magambazi kimewavutia wachimbaji wadogo na makampuni ya nje kwa miaka. Mahali penye dhahabu pana mashimo, na masika yakipiga, mashimo yanajaa. Ukisimama pembeni unaona maji yametulia, ya rangi ya maziwa ya chai, na moyo unakwambia: hapa kambale hakosi.

Moyo uko sahihi na tumbo litalipa. Wachimbaji wadogo nchini wamezoea kukamatia dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikishaingia kwenye tope haiendi kokote. Vijidudu vya matopeni vinaibadilisha, samaki wadogo wanaimeza, wakubwa wanawameza wadogo, na kambale anayekula kila kitu anabaki na hesabu ya wote. Japani walijifunza hilo kwa machungu pale Minamata, ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia 2020.

Halafu kuna habari ya kingo. Shimo la dhahabu halina ufukwe, lina ukuta. Ukiteleza, unachovua ni wewe mwenyewe.

Hukumu: shimo pekee kwenye orodha ambalo samaki wake anaweza kuwa na thamani ya madini na bado usimtake.

7. Mfereji wa korona, mashamba ya mkonge ya Korogwe

Huwezi kuitaja Korogwe bila mkonge. Zao lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: miche 1,000 ilianza safari kutoka Florida, ikafika hai 62, na kutokana na hiyo 62 Tanga yote ikageuka kijani cha miiba. Hadithi ya ujasiri kuliko ya besi, na haina kibusu.

Tatizo ni kwamba katika jani zima la mkonge nyuzi ni asilimia 4 hivi tu. Zilizobaki zote ni nyama ya jani na maji, na korona, mashine ya kukwangua majani, ikimaliza kazi, mabaki hayo yanasombwa kwa maji mengi. Pale yanapotuama, yanaoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Perege hawezi. Kambale anaweza kidogo, maana ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, lakini hata yeye utamwona ametoa pua nje amekunja uso. Habari njema ni kwamba Hale waliwahi kujenga mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme. Uchafu ukitoa umeme unasamehewa kidogo.

Hukumu: nenda kununua kamba ya kufungia samaki. Samaki katafute kwingine.

6. Machimbo ya saruji, Bamburi, Mombasa

Mgeni mwingine, ila huyu kaja na zawadi. Bamburi walichimba mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji mpaka pakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo. Mingi ilikataa, mvinje ukakubali. Majani ya mvinje yakagoma kuoza, basi akaleta majongoo wayatafune na kuyageuza udongo. Ndiyo, umesoma sawasawa: msitu mzima umesimama juu ya kinyesi cha jongoo. Baadaye yakaja mabwawa, perege wa kufugwa, mamba na twiga.

Ni hapo hapo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee aitwaye Mzee na kumfanya mama. Kobe ni dume. Hakuulizwa.

Kwa kipimo cha shimo lililochimbwa likageuzwa maji ya samaki, Bamburi ndio walimu wetu wote. Lakini samaki wa kuhesabiwa, anayelishwa kwa saa, hana msimu wala hana mshangao. Uvuvi bila uwezekano wa kukosa ni ununuzi.

Hukumu: alama zote za darasani, sifuri ya mtaani.

5. Mto Pangani, kuanzia Korogwe kuteremka Hale

Wakorogwe mlikuwa mnasubiri hapa, na najua mmekasirika mto wenu kuwa wa tano. Sikilizeni kwanza sifa zenu. Mto huu unazungusha mitambo ya umeme: Hale megawati 21 tangu 1964, na New Pangani Falls megawati 68 tangu 1995. Una kambale wa kubebwa na watu wawili. Na una kitu ambacho Handeni haitakipata hata ikiandika barua: samaki mwenye jina la mji wenu. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, alimtambulisha kwa wanasayansi perege wa bonde hili na kumwita korogwe. Kisayansi ni Oreochromis korogwe. Mji mwingine unapewa uwanja wa ndege, ninyi mmepewa perege. Nani kapata zaidi, mwenye njaa ndiye atakayeamua.

Huyu perege si wa mchezo. Wakati besi dume anakaa kiotani akipigana na plastiki, kwa perege ni mama anayekusanya mayai mdomoni na kuyatunza humo hadi vifaranga viogelee. Siku zote hizo hali vizuri, na hana wa kumpa pole. Adui yake wa sasa ni sato, anayesambazwa kwenye mabwawa ya kufugia nchini kote, akitoroka anazaana na jamaa zake wa asili na kuchafua ukoo.

Basi kwa nini wa tano? Kwa sababu masika mto unakuja mwekundu, unakimbia, unabeba magogo, na ndoano yako inaishia kwa jirani. Na kwa sababu ya mamba. Mamba hana msimu, hana kibali, na hajali umekuja kuvua au kufua.

Hukumu: mto wa heshima. Ila heshima inapimwa ukiwa umesimama mbali.

4. Majaruba ya mpunga, Mombo

Hapa panaingia kimyakimya na kuchukua nafasi nzuri. Skimu ya umwagiliaji ya Mombo hupokea maji yanayoteremka kutoka milima ya Usambara, na maji yakiwa mengi, mifereji na majaruba yanakuwa na wapangaji wasiolipa kodi. Kambale anapenda maji mapya yaliyofunika nyasi; usiku wa mvua za kwanza ndipo anapotaga, kwenye kina kisichofika hata magotini. Mtu mwenye tochi na kikapu hahitaji ndoano wala elimu.

Faida: hakuna mamba, hakuna kina, hakuna zebaki, na ubwabwa uko pembeni unasubiri mchuzi. Hasara: jaruba lina mwenyewe. Ukikanyaga miche yake ukimkimbiza kambale, utakuta Wasambaa wana maneno ya Kisambaa ambayo hayajaingia kwenye kamusi yoyote. Hasara ya pili ni dawa za kuulia wadudu. Kama limepuliziwa wiki hii, pita salama uendelee na safari. Hasara ya tatu ni kichocho, kwa hiyo viatu vya mpira si ushamba.

Hukumu: uvuvi wa kivivu kuliko wote, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ungekuwa wa pili kama mwenye shamba angekuwa mpole.

3. Kidimbwi cha kandokando ambacho "hakina kitu"

Hapa ndipo nitakapopoteza marafiki. Kuna vidimbwi vya muda kwenye mbuga za chini za bonde la Pangani, vya kukaukia kabisa kiangazi. Unapita na pikipiki, unasema hapa hamna kitu. Mle ndani kuna samaki mwenye urefu wa kidole, dume ana rangi ambazo fundi wa vitenge hajazithubutu, na maisha yake yote yanaanza na kuisha ndani ya msimu mmoja. Ukoo wake ni Nothobranchius. Mmoja wao, vosseleri, ni wa bonde letu hili na alipewa jina la kisayansi mwaka 1924.

Ratiba yake ni hii: mvua inanyesha, mayai yaliyolala kwenye tope yanaanguliwa, samaki anakua haraka, anapenda, anataga topeni, kidimbwi kinakauka, anakufa. Mayai yanasubiri chini ya udongo uliopasuka mpaka mvua nyingine. Binamu yake wa Msumbiji, furzeri, mwaka 2018 watafiti walionyesha anaweza kukomaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa, na maabara za Ulaya na Marekani zinamfuga ili kuchunguza uzee, kwa sababu anazeeka huku mtu anamtazama. Wafugaji wa samaki wa mapambo wanatumiana mayai yake kwa posta, yamefungwa kwenye mboji yenye unyevu. Hebu fikiria: samaki anasafiri kwa bahasha, na wewe barua yako ya ajira bado haijafika.

Ndiyo, haliki. Ukikaanga ishirini unapata kijiko. Lakini nani mwingine kwenye orodha hii anaishi bila maji nusu ya mwaka na bado anarudi msimu ujao? Handeni yenyewe inajaribu kila mwaka.

Hukumu: bingwa wa kuishi, wa mwisho kwa mchuzi. Nafasi ya tatu, na sibanduki.

2. Lambo la kijiji, Handeni

Wahandeni, simameni mpokee medali ya fedha na muanze kulalamika. Nchi ya Wazigua ina ukame wa kuzoeleka, na jibu la siku nyingi limekuwa kuchimba: lambo la ng'ombe, lambo la watu, lambo la mradi, lambo la ahadi ya uchaguzi. Masika yakishuka kati ya Machi na Mei, yote yanajaa siku moja na yote yanasifiwa na kiongozi mmoja.

Uvuvi wa lambo una adabu zake. Asubuhi ni ya ng'ombe na ndoo. Jioni ndiyo ya mshipi. Ufito wa mwanzi, ndoano ndogo, chubwi la risasi au kokoto, chelezo cha kipande cha kandambili, na nyungunyungu wawili watatu kwenye kopo la nyanya. Perege anadonoa kwa kujiheshimu. Kambale anavuta bila hodi. Maji yakianza kupungua kuelekea kiangazi, samaki wanabanana, na hapo hata anayeshika mshipi kwa mara ya kwanza anarudi nyumbani anaongea kwa sauti nzito. Kisha mtu anakuja na chandarua cha mbu na kuzoa hadi vifaranga. Huyo hatumpi nafasi. Chandarua ulipewa ulalie. Sheria za uvuvi zinakataza kuvulia, na mbu wanakushukuru sana.

Kwa nini si la kwanza? Kwa sababu lambo lina kamati. Kuna mwenyekiti, kuna mhasibu, kuna zamu, kuna faini, na kuna mzee aliyekaa chini ya mkwaju ambaye hana cheo chochote ila bila ruhusa yake huvui. Huo ni utumishi wa umma wenye minyoo.

Hukumu: samaki bora wa Handeni, pamoja na muhtasari wa kikao kilichopita.

Waliokosa nafasi wakakata rufaa

Nyumba ya Mungu: bwawa kubwa la juu ya mto huu huu, lenye umeme wa megawati 8 na samaki wanaofika masokoni kwetu wakiwa wameshakauka. Rufaa imekataliwa kwa sababu ya kuwa upande wa Kilimanjaro na Manyara. Mashimo ya matofali: mazuri, ila huwezi kuvua huku fundi anachimba kesho yake. Ndoo ya kamongo sokoni: huo si uvuvi, huo ni mnada.

1. Shimo la moramu la kando ya barabara

Mshindi. Pigeni makofi au rusheni kandambili, sawa tu.

Barabara ya lami ya Korogwe hadi Handeni ina kilomita 65, na haikuota. Lami inataka tuta, tuta linataka moramu, moramu inatoka shimoni. Kabla ya lami ilikuwa reli: ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na tuta la reli nalo halikushushwa kutoka mbinguni. Kila anayejenga kitu cha kupita juu anaacha kitu cha kutumbukia chini. Mkandarasi akifunga kambi anabeba greda, anabeba bango, anabeba mpishi. Shimo anatuachia sisi. Huo ndio mgodi wetu wa juu kwa juu, ndugu yake halali wa ile mitaro ya Kansas, tofauti ni kwamba wetu hauna sehemu ya kuegesha boti.

Mvua mbili tatu kubwa, shimo limekuwa bwawa. Msimu mmoja au miwili, lina samaki. Walifikaje? Hapa ndipo ubishi wa kijiweni unapokesha. Wa kwanza kushukiwa ni kambale: usiku wa mvua anatambaa kwenye nyasi zilizolowa, anapumua hewa ya juu, anahama bila kuaga. Wa pili ni mafuriko yanayounganisha kijito na shimo kwa saa chache. Wa tatu ni mtoto mwenye ndoo, ambaye ndiye idara ya uvuvi ya kweli katika vijiji vingi. Wa nne ni ndege, na usicheke: mwaka 2020 watafiti wa Hungaria walichapisha jaribio ambamo mabata walilishwa mayai ya samaki 8,000 hivi, na 18 yakatoka upande wa pili yakiwa mazima, machache hata yakaanguliwa. Kwa hiyo huenda kuna samaki duniani ambao mkunga wao ni bata. Waheshimu.

Uzuri wa shimo la moramu ni kwamba hakuna aliyelikusudia. Halina uzinduzi, halina jiwe la msingi, halina kamati, halina mzee wa mkwaju. Lipo njiani, kwa hiyo bodaboda anakushusha na abiria wa basi wanakuonea wivu dirishani. Kwa Korogwe lina kazi ya ziada. Hii ni nchi ya malaria iliyosomwa sana. Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, ilijaribiwa pia hapa. Shimo lisilo na samaki ni hoteli ya viluwiluwi vya mbu. Lenye perege wadogo, wageni hao wanapungua. Unavua, unakula, na ukiwaacha wadogo majini umefanya huduma ya afya bila posho.

Tena linawamaliza wabishani wote wawili. Mhandeni anaona shimo lake, Mkorogwe anaona maji yake, na samaki hajui mpaka wa wilaya uko wapi. Anakuja mvua ikija, anaondoka jua likikaza. Watu wa Tanga tulishasema zamani: waja leo, waondoka leo.

Hukumu: nafasi ya kwanza kwa wingi wa kura moja, yangu.

Sasa bisha. Sema lambo limeonewa, sema Pangani imevunjiwa heshima, sema samaki wa kidole hastahili shaba. Mwenye ushahidi aje nao ukiwa umeshapakwa ndimu na chumvi, nitausikiliza kwa makini kwa muda wote wa kula.

Ila jambo moja halina mjadala. Shimo lenye ukuta pande zote linajaa maji mara moja na kumeza mtoto mara moja. Samaki hawadai ukuta. Wanapenda zaidi upande wenye mteremko na nyasi, ng'ombe anafika kunywa, na mtoto aliyeteleza anapata pa kutokea. Kwa hiyo siku mkandarasi atakapokuja kijijini kwenu kuchukua moramu, mwende ofisi ya mtendaji mkiwa wengi, mtake iandikwe kwenye makubaliano kwamba upande mmoja wa shimo utasawazishwa kuwa mteremko kabla greda haijapandishwa kwenye lori. Na kama shimo lenu lilishaachwa hivyo hivyo, jembe na Jumamosi moja ya kijiji vinatosha kuanza.